Lori la Mjomba na Taa ya Njano

Kisa hiki nilikipata kwa Theresia mwenyewe, msimu wa maharage uliopita, tukipepeta barazani kwake Bigwa. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Taa ya njano iliwaka Alhamisi asubuhi, lori likiwa halijatoka hata uani. Raphael, mumewe, akaipiga dashibodi kofi. Taa ikabaki. Akakanyaga mafuta, injini ikakoroma kama mtu anayeamshwa kwa lazima, nguvu hakuna.

"Jumamosi nina harusi mimi!" akafoka. "Lori hili lina kichaa?"

"Pole, baba Anastasia," alisema Theresia kutoka mlangoni, mkono kwenye pindo la kanga. Ndani ya pindo lile alikuwa amefunga klipu ndogo ya waya, ile inayobana plagi ya sensa kwenye chujio la hewa, nyuma ya kichwa cha lori. Aliichomoa mwenyewe alfajiri, akailegeza na plagi. Miaka aliyokuwa akipanda na mumewe kufuata kabichi, alishaona plagi ile ikilegea jinsi gari linavyokuwa.

Hakuona njia nyingine. Macho ya Raphael yalikuwa yanaingia ukungu tangu mwaka jana. Juzi alimsalimia mama Filomena kwa heshima zote, akamuulizia na watoto, kumbe anaongea na gunia la mkaa. Akiambiwa, anasema, "Moshi wa jiko lako huo." Na Jumamosi alikuwa aupandishe ukoo mzima mpaka Nyandira, harusini kwa Happiness, mtoto wa dada yake. Barabara ile, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona mabati ya nyumba za watu chini kabisa. Lakini kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Mjomba mwenye lori, halafu wageni wake wapandishwe na lori la mwingine? Raphael alikwisha kusema mbele ya kikao: "Usukani nitashika mimi." Nani angemrudisha?

Wakajikongoja na lori mpaka Msamvu, gereji kwa fundi Idrisa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu Raphael. "Pima gari."

Idrisa akachomeka mashine yake chini ya usukani, akaikodolea macho. Theresia akakaa juu ya tairi bovu, akainuka, akakaa tena. Fundi ataiona ile plagi moja, ataibana, basi, safari ipo.

"Mzee, mashine inatoa namba tatu," alisema Idrisa. "Sensa ya hewa, sensa ya joto la maji, na sensa ya presha ya tabo. Sensa tatu zinakufaje siku moja kama kuku wa mdondo?"

Theresia akageuka. Tatu? Yeye kagusa moja.

"Mashine yako mbovu," alisema Raphael.

"Mpya hii, mzee."

"Basi nenda taratibu. Hili gari la watu, usilifanyie papara."

Idrisa akainamisha kichwa cha lori, akaingia na tochi. Theresia akamfuata nyuma, shingo ndefu.

"Mama, unanizibia mwanga."

"Nisamehe, baba."

Fundi akapapasa, akavuta, akaguna. "Sensa zote nzima. Plagi ndizo zimelegea. Klipu zake hazipo, zote tatu."

"Panya," alisema Theresia.

"Panya hao," akadakia Raphael. "Kwetu kuna panya wakubwa kama mbuzi."

Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile wao wawili kukubaliana jambo.

"Panya anakula waya, mzee," alisema Idrisa. "Klipu ya chuma anaipeleka wapi, anatolea mahari?"

Akazifunga plagi kwa vipande vya waya, akafuta zile namba kwenye mashine. Taa ikazimika. Theresia akarudi kukaa juu ya lile tairi bovu.

"Limepona?" akauliza Raphael, sauti imempanda.

"Hapa mjini utatembea nalo. Mlimani, watu wakiwa nyuma, hapana. Waya ukikatika kwenye kona, nguvu inakwisha, mnarudi kinyumenyume. Klipu za lori la zamani hivi naagiza Dar. Mpaka Jumatatu."

Raphael akawaka. Alilipiga tairi teke. Alimwita fundi mtoto wa jana. Alisema, kwa sauti ya kufika stendi, kwamba yeye, mjomba mtu, anakwenda kukaa kiti cha abiria mbele ya wakwe! Mwisho akampigia Salimu, mtoto wa mdogo wake mwenye lori jipya, akamwambia ajiandae kupandisha watu. Theresia alitazama chini. Kila neno lilimwingia. Alikuwa amemvua mumewe nguo hadharani.

Walirudi nyumbani mchana. Raphael akala ugali mpaka akafuta sahani, akavua koti la kazi, akajitupa kitandani, akaanza kukoroma. Wiki nzima alikuwa akijigeuza usiku kama chapati. Leo alilala kama mtoto aliyeshiba.

Theresia hakutulia. Alifagia palipokwisha kufagiwa. Alisogea mlangoni amwamshe amwambie, akarudi. Akasogea tena, akarudi. Ili mikono ipate kazi, akalichukua lile koti akalifue, akaingiza vidole mfukoni kutoa takataka. Kitu kikamchoma.

Klipu mbili za waya.

Akazitazama. Akamtazama anayekoroma. Akafungua pindo la kanga, akatoa ya kwake, akazitia zote tatu mfukoni mle, akalitundika koti palepale lilipokuwa. Kisha akajisogeza upande wake wa ukutani, akalala.