Ubao wa Mfereji

Nilikuwa nimeushika ubao wa lango la mfereji, nusu umezama, Pruitt, mlowezi wa Kimarekani wa jirani, alipokuja na bunduki yake.

"Fungua, bibi. Mahindi yangu yanakauka."

"Hukuchimba."

Kwetu New Mexico, theluji ikiyeyuka kila nyumba hutoa mtu mmoja na koleo kuzibua mfereji. Asiyechimba hapati maji, hata awe padri. Pruitt alishinda kizingitini kwake akitutazama na kucheka.

"Hizo ni sheria za Mexico," akasema. "Na Mexico tumeichapa. Mungu ametupa nchi hii yote mpaka baharini. Sisi ndio Wamarekani."

"Basi mwambie Mungu wako akunyeshee."

Akatema tumbaku majini. "Rudi kwenu, mgeni wee!"

Mume wangu amelala hatua ishirini kutoka pale, kwa risasi ya vita hivyo hivyo vya Mexico.

"Kitendawili," nikamwambia. "Kafika wa mwisho, kakaa wa kwanza, na humwita mwenye nyumba mgeni."

"Sina haja na vitendawili vyako."

"Jibu lake linatema tumbaku, mwanangu."

Nikamsukumia koleo la marehemu. "Chimba hata hatua moja, nikufungulie."

Akalitazama. Mpini ulikuwa umelainika kwa viganja vya baba, mwana na mjukuu. Akalipiga teke likazama.

Nikaushusha ubao mpaka chini maji yasipite, nikakusanya sketi yangu, nikaukalia. Maji baridi yakaanza kunipanda mgongoni.

Akainua bunduki.

"Inuka, kizee!"

"Nimeshakaa."