Vipande Ndani ya Beseni

Bi Mwanakheri alikaa mlangoni pa bafu, furushi lake la nguo bado mapajani. Mara ya mwisho alipokuja kukaa kwa bintiye, ubao uliofunika mabomba ulivimba ukamwangukia akioga, akarudi kwake siku ileile. Leo Shamte, mume wa bintiye, alimwekea beseni lenye vipande vya ubao vya aina tatu, vilivyolowekwa tangu jana.

"Chagua mwenyewe cha kufunikia mabomba, mama."

Akaminya cha kwanza, kikamegeka kama andazi kwenye chai. "Ndicho hiki kilichonifukuza!" Cha pili kilibanduka tabaka tabaka. Cha tatu, cha ubao wa saruji, akakigonga kwa kucha, kikalia ko, ko.

"Hiki hata hakijui kama kimeoga. Funga hiki, baba. Na uache kimlango, bomba likivuja tulione."

Shamte akashika bisibisi. Nyuma yake akasikia fundo la furushi likifunguliwa.