Cherehani ya Mama Mapacha

"Mama Mapacha, hiyo cherehani yako itaniua," seremala alisema, ameegemea fremu ya mlango wa jirani yake. "Usiku wa tano huu sijalala. Unashona mpaka alfajiri, utadhani unavalisha jeshi."

"Nishone kwa nini, jirani, kwa meno?" mshonaji alijibu, na wanawe huko ndani wakaangua kicheko.

Seremala hakucheka. Alishakunywa maziwa ya moto, akaoga maji ya uvuguvugu, akaifungia simu kabatini, akahesabu mabati ya paa mpaka akayachukia. Jana msumeno ulipita kwenye kidole gumba chake ukaondoka na kipande cha ukucha. Bosi alimwambia asikanyage tena karakana kabla hajalala.

"Usinifanye mjinga. Hata sasa hivi naisikia."

Mshonaji akasogea pembeni na kuufungua mlango wote.

Meza ya kushonea ilikuwa tupu. Yalibaki matundu manne ya skrubu, na vumbi limeanza kuyajaza.

"Iko kwa fundi tangu wiki iliyopita," alisema kwa sauti ya chini.

Seremala aliyakodolea macho yale matundu. Trrr, trrr, cherehani iliendelea kushona. Akapapasa fremu ya mlango, akaikosa.

Mshonaji alimdaka mkono kabla hajaanguka.

"Mpisheni mjomba wenu apate pa kukaa," aliwaambia wanawe. "Na wewe ingia, baba. Tulikuwa ndiyo tunapakua. Ingia ule na sisi."