Wali Katikati ya Gitaa

Siku redio ilipoutafuna mkanda wa kaseti ya Bi Salha, bintiye Rukia alimtafutia wimbo uleule kwenye simu. Wimbo huo wa bendi ya roki ya Waingereza Bi Salha aliurekodi redioni akiwa msichana, na mkandani, katikati ya gitaa, marehemu mama yake alisikika akiita, "Salha, wali unaungua." Miaka arobaini hakuwahi kuusikia bila wali ule.

"Huu safi, mama. Hauna makelele," Rukia alisema.

Bi Salha akaimba kwa raha maneno asiyojua maana yake. Gitaa likaingia, likapita pale pa wali bila sauti ya mtu.

"Abee, mama," akaitika, akainuka kwenda jikoni, ambako hakukuwa na kitu motoni.