Viti vya Stoo

Tangu Bwana Kilua, katibu wa hospitali, aamuru viti vya wauguzi vifungiwe stoo kwa hoja kwamba anayekaa husinzia, wauguzi watatu walikuwa wameshaacha kazi. Asubuhi hiyo aliingia wodini na dawa yake: bango la kitambaa lililoandikwa "Wauguzi Wetu ni Malaika".

Sista Nambua alimtazama kama mtu atazamavyo nzi aliyetua kwenye uji. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, miguu imevimba hadi viatu havifungiki, na mfukoni alikuwa na barua ya kuacha kazi.

"Kumbe malaika hawana magoti," alimnong'oneza mwenzake, Sikudhani. "Ndiyo maana hatupewi viti."

Bwana Kilua alihutubia juu ya moyo wa kujitolea. Dakika ya kumi na tano alianza kuegemea mguu mmoja, kisha mwingine. Akaangaza macho huku na huko.

"Hapa hakuna hata kiti?"

"Vipo, mzee," Nambua alijibu. "Vipo stoo."

Mgonjwa mmoja akacheka hadi akakohoa. Sikudhani akapindua ndoo ya kudekia, akaifuta kwa adabu zote, na katibu akaikalia, magoti yakimfika kifuani.

Nambua akasimama mbele yake, barua mkono wa kushoto, kiganja cha kulia kikiwa wazi kuelekea funguo zilizoning'inia kiunoni mwa katibu.

"Pokea hii, mzee, au nipe ufunguo wa stoo."

Mkono wa katibu ukaanza kuinuka kuelekea barua, kisha ukashuka kwenye funguo.