Kikohozi cha Mlangoni

Siku hizi sheria inamruhusu mke au mume kuhariri sauti ya mwenzake bila kumuuliza. Kipande nikishakikata kwenye kompyuta yangu, mwenye sauti hakitoi tena kooni. Bi Mwanakheri aliponiomba nikate kikohozi cha mumewe cha mezani, nilikimaliza kwa dakika moja. Mimi sibabaishi kazi.

Jana akarudi.

“Fundi, sasa hakohoi hata mlangoni. Nakaanga maandazi, nikigeuka namkuta amesimama nyuma yangu. Sijui ameingia saa ngapi.”

Kosa nililijua papo hapo. Vikohozi vyote viwili vilikuwa nakala za kipande kimoja, na ukikata nakala kabla ya kuitenganisha, na nyingine inakatika. Nilikuwa na haraka siku ile, basi.

“Hiyo ndogo, Bi Mwanakheri. Cha mlangoni nakirudisha sasa hivi. Shemeji hatajua kama tuligusa kitu.”

“Hata mara ya kwanza hakujua,” akasema, tukacheka.

Nikageuka kuchukua spika. Mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini, ameshika soda iliyobaki nusu.