Chai ya Bi Mwanakheri

Kwenye jengo letu la ghorofa, linalojiendesha lenyewe kwa kompyuta, feni za barazani huzunguka pale tu majirani wawili wanapokaa pamoja. Kwa jinsi joto la mchana lilivyo siku hizi, hakuna anayethubutu kujifungia ndani peke yake.

Miaka tisa nilikaa barazani na Bi Mwanakheri wa mlango wa pili. Chai yake ilikuwa sukari tupu. Kila siku nilimwambia sitaki sukari, kila siku alisahau, nami niliinywa huku nikimnung'unikia.

Alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, jengo likamhamishia binti aitwaye Devota kwenye nyumba ya marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaketi, feni zikaanza kuzunguka. Akanimiminia chai nusu kikombe, tangawizi kidogo, bila sukari. Ndivyo hasa ninavyoipenda.

"Nani kakwambia?"

"Jengo, mama. Limewasikiliza miaka yote hiyo."

Nikashika kikombe, nikashindwa kunywa.

"Tia sukari," nikamwambia.

Devota akatazama darini kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Tia tu, mwanangu. Tia mpaka nikugombeze."